Barabara na Wanyonge Wake

Hapana kitu mjini kitumiwacho na watu wengi kuliko barabara. Shule ina wanafunzi wake, soko lina siku zake, na hospitali hutafutwa na wagonjwa. Lakini barabara hukanyagwa na wote, tajiri na maskini, mzee na mtoto, mwenye haraka na asiye na pa kwenda. Kwa hiyo husemwa kwa wepesi kwamba barabara ni ya watu wote. Wengi walitamkao neno hili hawajapata kujiuliza maana yake. Mimi nalikuwa mmoja wao mpaka asubuhi moja ya mwezi wa Aprili, ambayo nitaisimulia hapa ingawa hainipi sifa.

Nalikuwa mwalimu mgeni katika chuo cha ualimu, na siku hiyo nilikuwa nimeazima motokaa ya shemeji yangu niende Nairobi kwa shughuli iliyokuwa na saa yake. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Barabara yetu ni nyembamba: motokaa mbili zikikutana hupishana kwa kuheshimiana, na mtu wa tatu hana mahali pake. Mbele yangu alikuwa mzee mmoja juu ya baiskeli, mitungi miwili ya maziwa imefungwa nyuma kwa mpira, naye akienda polepole kama iwapasavyo wachukuao kitu kisichotaka kutikiswa. Nilipiga honi. Hakutoka. Nikapiga tena, mara hii kwa kuishikilia, na matatu ilikuwa inakuja upande wa pili. Mzee akageuza usukani ateremke kando. Mahali pale ukingo wa lami ulikuwa umemegwa na maji, na toka lami hata udongo palikuwa na kimo cha shibiri nzima. Gurudumu la mbele likashuka, baiskeli ikalala, na mzee akaanguka chini ya mitungi yake.

Nilimwona katika kioo akiinuka, akiyatazama maziwa yanavyochirizika mtaroni. Nikajiambia: yu mzima. Sikusimama.

Ili aibu yangu ipate kimo chake sawasawa, sharti niongeze kwamba nilipokuwa kijana nilipanda baiskeli kwenda shule kwa miaka minne, nikawalaani kila wiki madereva walionitupa majanini. Yalitosha masaa machache ndani ya motokaa ya kuazima kuniondolea kumbukumbu yote hiyo.

Baada ya miezi michache, tulipokuwa katika somo la maadili, niliwaletea wanafunzi wangu kisa hiki wakihukumu. Dereva nilimwita "mtu mmoja." Darasa likagawanyika. Wengine walisema kwamba mwenye baiskeli alikuwa na kosa, kwa kuwa alisikia honi ya kwanza asitoke. Wengine walisema kwamba dereva alikuwa katili, na kwamba lau angekuwa na subira ya dakika moja, maziwa yangefika. Walisema kwa ufasaha wa kupendeza, nami, mshtakiwa asiyejulikana, nilijikuta nikifurahi kila dereva alipopata wakili. Kisha binti mmoja aliyekuwa amekaa nyuma, ambaye hakuwa msemaji, aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, ukingo ule wa lami aliujenga nani?"

Wenzake walicheka. Walidhani ametoka katika mada. Walakini yeye peke yake ndiye aliyekuwa ameingia. Sisi wengine tulikuwa tumewatazama watu wawili tu, tukiwapima wema na ubaya, na tulikuwa tumemsahau wa tatu ambaye hakuwapo barabarani asubuhi ile: yule aliyepima ardhi, akaigawa, akaipa motokaa yote, na mwenye baiskeli akampa ukingo uliomegeka. Mtu huyo hakuwa na haraka, wala hakushikwa na mvua. Alikaa mezani, karatasi mbele yake, akaamua.

Sisi walimu tumefundishwa kuamini kwamba dawa ya ubaya ni wema wa moyo. Sitaki kuidharau imani hiyo, maana ndiyo inilishayo. Lakini wema wa mtu una saa zake. Yule yule aliye mpole saa moja asubuhi huwa jabari saa mbili akichelewa kazini. Anaweza kuwa amekesha na mgonjwa, au ametoka kusikia habari mbaya, au jua limempiga machoni. Barabara iwatakayo wote wawe wema kila siku, kila dakika, itaua siku ile mmoja wao atakaposhindwa. Na kushindwa siku moja si ajabu kwa binadamu. Basi swali la maadili lililo juu ya wasanifu wa miji ni hili: je, yafaa uhai wa mnyonge uwekwe katika mkono wa hasira ya mwenye nguvu?

Neno mnyonge silitumii kwa huruma tupu. Lina hesabu yake. Motokaa ndogo ina uzito wa kilo 1,000 na zaidi. Mtu na baiskeli yake kwa pamoja aghalabu hawafiki kilo 120. Tena katika fizikia mmejifunza kwamba nishati ya kitu kinachokwenda huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi yake, yaani kasi ikizidi mara mbili, nishati huzidi mara nne. Motokaa iendayo kilomita 60 kwa saa haina ukali mara mbili wa ile iendayo kilomita 30. Inao mara nne. Mwili wa mtu haukubadilika tangu zama za kutembea kwa miguu. Ukigongwa kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, mara nyingi hupona. Upitapo mwendo wa kilomita 50, hatari hupanda haraka sana.

Kwa hiyo sheria iwaambiapo wote wawili, "Tumieni barabara hii pamoja kwa uangalifu," huonekana kuwa sheria ya usawa, wala siyo. Mwenye baiskeli akikosea, gharama ya kosa ni yake mwenyewe, au karibu yote ni yake. Mwenye motokaa akikosea, gharama hulipwa na mwenziwe. Kuwapa watu wasiolingana uwanja mmoja na amri moja, kisha kumlaumu aliyeanguka, ni hukumu ambayo mtoto yeyote angeikataa katika mchezo wa mpira.

Msomaji atasema kwamba hizi ni fikra za mwalimu na chaki yake, na kwamba ulimwengu haujengwi hivyo. Na tuitazame basi nchi moja iliyopita katika mashaka haya, tena kwa machozi. Wengi wetu tumeona picha za Uholanzi, watu wa marika yote juu ya baiskeli kama samaki mtoni, tukadhani kwamba Waholanzi walizaliwa hivyo. Sivyo. Baada ya vita kuu ya pili walipata utajiri, wakanunua motokaa, na miji yao ikaanza kuzipisha. Majumba ya kale yalibomolewa, viwanja vikageuzwa mahali pa kuegesha, na baiskeli zikapungua mwaka hata mwaka. Katika mwaka 1971 watu zaidi ya 3,000 waliuawa katika barabara za nchi hiyo ndogo, na miongoni mwao walikuwamo watoto zaidi ya 400.

Mwandishi mmoja wa magazeti, Vic Langenhoff, alifiwa na binti yake mdogo kwa ajali. Aliandika makala, na kichwa chake kilikuwa maneno yaliyokuja kuwa jina la chama kizima: Stop de Kindermoord, ndiyo kusema, Komesheni Mauaji ya Watoto. Wako waliosema kwamba jina hilo ni kali mno. Mauaji? Hapakuwa na mtu aliyekusudia kuua. Wazazi walijibu kwamba jambo litokealo kila mwaka, kwa idadi ijulikanayo, mahali pajulikanapo, kwa sababu ijulikanayo, halistahili tena kuitwa bahati mbaya. Wakakaa barabarani na watoto wao, wakaweka meza katikati ya mitaa wakala chakula cha mchana, motokaa zikingoja. Mwaka 1973 ikaja shida ya mafuta, na serikali ikatangaza Jumapili zisizo na motokaa. Watu wakaonja tena utulivu wa barabara zao. Katika miaka iliyofuata, miji ya Tilburg na Den Haag ilijengewa njia za majaribio zilizotengwa kwa baiskeli, na katika miaka ya 1980 mji wa Delft ukafanya zaidi: haukujenga njia moja ya kutazamwa, uliunganisha mtaa kwa mtaa mpaka mtu akaweza kutoka mlangoni pake akafika aendako bila kukatiwa njia.

Leo Uholanzi ina watu wengi zaidi na motokaa nyingi zaidi kuliko mwaka 1971. Katika mwaka 2023 waliokufa barabarani walikuwa chini ya 700. Sitasema kwamba njia za baiskeli peke yake ndizo zilizofanya kazi hiyo, maana mikanda ya viti ilikuja, na hospitali ziliboreka, na sheria za ulevi zikakazwa. Lakini hapana Mholanzi awezaye kuniaminisha kwamba watoto wake wangekwenda shule juu ya baiskeli kama hizo njia zingalikuwa hazipo.

Yafaa hapa kueleza njia hiyo ni kitu gani, kwa maana sisi tumezoea kuita njia ya baiskeli kila mstari uliopakwa rangi kando ya lami. Mstari wa rangi ni ombi. Ukingo wa mawe ni amri. Motokaa huukanyaga mstari bila kuhisi kitu. Pikipiki huupita, lori huegeshwa juu yake, na mwenye baiskeli hujikuta akilazimika kurudi katikati ya barabara, mahali pale pale alipokimbia. Njia ya kweli hutengwa kwa ukingo, au kwa miti, au kwa kuinuliwa kidogo. Huwa na upana wa watu wawili kupishana. Na penye njia panda, ambapo watu wengi hufa, humpa mwenye baiskeli nafasi ya kuonekana kabla motokaa haijageuka. Ikikosa hili la mwisho, yaliyobaki yote ni pambo.

Tena faida yake haikomi kwa mwenye baiskeli. Mwaka 2019 wataalamu wawili wa Marekani, Wesley Marshall na Nicholas Ferenchak, walitoa uchunguzi wao juu ya miji mikubwa 12 ya nchi yao kwa muda wa miaka 13. Waliona kwamba miji yenye njia za baiskeli zilizotengwa ilikuwa na vifo vichache zaidi kwa watumiaji wote wa barabara, hata waliomo ndani ya motokaa. Mtu akishangaa, na akumbuke tabia ya dereva. Apewapo barabara pana iliyonyoka, mguu wake hulemea wenyewe. Barabara ikiwa na kingo zilizo karibu, huuinua. Kumlinda mnyonge kumbe kulimlinda na mwenye nguvu dhidi ya nafsi yake.

Nimesema habari za mauti ya ghafula. Iko na mauti nyingine, ya polepole, ambayo haiandikwi katika daftari la polisi. Mwaka 1953 daktari Mwingereza, Jeremy Morris, pamoja na wenzake walichapisha habari za wafanyakazi wa mabasi ya London. Mabasi yale yalikuwa ya ghorofa mbili. Dereva aliketi kutwa. Kondakta alipanda na kushuka ngazi kutwa, akikata tikiti. Walikuwa watu wa mji mmoja na kazi moja, hata hivyo madereva waliugua moyo zaidi kuliko makondakta. Tangu siku hizo imejulikana kwamba kuketi si kupumzika. Mwaka 2017 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Glasgow, waliofuata habari za watu zaidi ya 260,000 wa Uingereza, waliona kwamba waliokwenda kazini kwa baiskeli walikufa kwa uchache zaidi katika muda wa uchunguzi, na walipatwa na maradhi ya moyo na saratani kwa uchache zaidi kuliko waliokwenda kwa motokaa au kwa gari la abiria. Uchunguzi wa namna hii hauthibitishi kila kitu, maana yamkini mwenye afya ndiye apendaye baiskeli. Nao wenyewe walilipima jambo hilo wakajaribu kulitenga. Lakini habari yao inapatana na ile ya ngazi za basi.

Shirika la Afya Duniani lasema kwamba vijana wa rika lenu wanahitaji wastani wa dakika 60 kila siku za mazoezi yatiayo mwili jasho. Wazazi wa babu zetu wasingeelewa shauri hilo, kama vile samaki asivyoelewa shauri la kuoga. Kwetu sisi wa mjini limekuwa jambo la kutafutiwa saa na kulipiwa fedha: mtu huketi ndani ya motokaa saa nzima katika msongamano ili afike kwenye nyumba ya mazoezi, akapande baiskeli isiyokwenda popote. Nimemwona, nami nimecheka, kisha nimejiuliza angepita wapi lau angetaka kupanda iendayo.

Nasi tumo Kenya, na jambo hili si la kusomwa kama hadithi ya ugenini. Mwaka 2023 peke yake waliandikwa watu zaidi ya 4,300 waliokufa katika barabara zetu, na waliokuwa wengi kuliko kundi lingine lolote ni waendao kwa miguu. Katika Nairobi, asiyejua atadhani kwamba mji ni wa motokaa, kwa kuwa ndizo zinazoonekana na kusikika. Simama alfajiri katika njia itokayo Mukuru kwenda viwandani, utazame mto wa watu wanaotembea. Hao ndio wajengao mji, nao hupita kandokando, juu ya mitaro na kati ya matope, kama watu walioingia shambani kwa mtu bila ruhusa. Wachache miongoni mwao wana baiskeli. Nao huwa hawajui wajihesabu upande gani, maana katika njia ya miguu hufukuzwa, na katika lami hutishwa.

Haiwezekani kusema kwamba wakubwa hawakuliona. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilitoa sera juu ya safari za miguu na baiskeli, ikaahidi kwamba asilimia 20 ya fedha za ujenzi wa barabara itatengwa kwa ajili yao. Ahadi hiyo ni nzuri, na mkono ulioiandika ulikuwa na akili. Barabara ya Thika, iliyokamilishwa mwaka 2012, ina nafasi zilizowekwa kando kwa ajili ya miguu na baiskeli. Baada ya mwaka 2020 vilijengwa vipande vingine katikati ya jiji, na yeyote apitaye leo katika Barabara ya Kenyatta aweza kuviona. Lakini mwaka 2022 ilifunguliwa pia ile barabara ya juu, kilomita 27 toka Mlolongo hata Westlands, ambayo mwenye baiskeli na mwenda kwa miguu wamekatazwa kuikanyaga. Sisemi kwamba ni vibaya kujenga barabara ya motokaa. Nasema kwamba ile ilijengwa mfululizo, toka mwanzo hata mwisho, wala hapana mhandisi aliyeikatiza katikati akawaambia wenye motokaa wabebe motokaa zao hatua 50 mpaka kipande kingine. Njia ya mnyonge ndiyo hujengwa kwa vipande.

Watu wa Sevilla, katika Uhispania, waliligundua jambo hili. Mji wao una joto, na kabla ya mwaka 2006 baiskeli hazikuonekana ila kwa nadra. Katika muda wa miaka michache tu walijenga njia zilizotengwa zaidi ya kilomita 100, zikiwa zimeunganishwa kama wavu, na sehemu kubwa ya nafasi waliitoa mahali palipokuwa pa kuegesha motokaa. Safari za baiskeli zikaongezeka takriban mara kumi. Nawataja kwa ajili ya wale wetu wanaosema kila mara, "Wenye baiskeli ni wachache, kwa nini tuwajengee?" Ni sawa na mtu kukaa kando ya kisima kilichokauka, akihesabu wanaokuja kuteka, kisha akaandika katika taarifa yake kwamba kijiji hiki hakina kiu.

Wako na wapinzani wengine, wenye hoja nzito zaidi, nami sitaki kuwapita. Katika mji wetu, njia ya miguu na ya baiskeli haikai wazi. Mara huja mama na meza yake ya ndizi, na fundi viatu na sanduku lake, na msichana auzaye mayai ya kuchemsha. Mwenye baiskeli hupiga kengele, na mama humtazama kama nilivyotazamwa mimi mara nyingi, kwa macho yasemayo: mwanangu, nami nala wapi? Nimesikia watu waungwana wakidai kwamba wachuuzi hawa wafukuzwe ili njia ibaki safi. Sikubaliani nao. Mama huyo amekuja pale kwa sababu ndipo watu hupita, na biashara yake haiwezi kuishi mahali pasipo miguu. Yeye naye ni mnyonge wa barabara ile ile. Kuwagombanisha yeye na mwenye baiskeli juu ya hatua mbili za ardhi, huku upande wa pili motokaa moja tupu imelala tangu asubuhi juu ya mita za mraba 12, ni kuwafanya maskini wawili wagombee mfupa chini ya meza. Kwanza na ipimwe meza.

Hoja ya waendeshaji wa pikipiki naiona kuwa dhaifu. Wao huingia katika njia ya baiskeli kwa sababu msongamano huwaudhi, na huwa wepesi kusema kwamba wao nao ni wanyonge. Mbele ya lori, ni kweli. Mbele ya mtoto aliye juu ya baiskeli, wao ndio lori. Nao wangefaa kukumbuka asili ya jina lao: boda boda wa kwanza, katika mpaka wa Busia, walikuwa vijana wa baiskeli waliovusha watu na mizigo toka mpaka hata mpaka.

Imebaki hoja moja ambayo haisemwi kwa kinywa, nayo ndiyo ninayoikuta zaidi katika vijana wangu wa chuo. Ni aibu. Mwalimu akionekana juu ya baiskeli hudhaniwa kwamba hajafanikiwa. Mwanafunzi mmoja aliniambia waziwazi kwamba baba yake alipanda baiskeli ili yeye asije akaipanda. Sikuwa na la kumjibu upesi, kwa maana nilijua baba yake alikusudia nini. Baada ya siku nyingi nafikiri kwamba aibu hiyo haikutoka katika baiskeli yenyewe. Ilitoka katika kutupwa majanini. Mtu apigiwaye honi kila siku, afanyiwaye njia katika matope, hatimaye huamini kwamba chombo chake ni cha watu wasiohesabiwa, na hutamani watoto wake wakipate kile chombo kipigacho honi. Jengo la barabara humfundisha mtu cheo chake kabla hajafika shuleni kwetu, na somo hilo hulirudia asubuhi na jioni. Sisi tunalo darasa la maadili mara moja kwa wiki.

Barabara yetu ya chuo ilitengenezwa baadaye. Ukingo uliomegeka uliondolewa, na pembeni pakawekwa njia nzuri ya miguu na baiskeli, yenye upana wa kutosha na ukingo wa mawe. Niliipima kwa miguu yangu: hatua 412 toka lango la chuo, kisha inakwisha mbele ya mtaro, bila sababu iliyoandikwa popote. Yule mzee wa maziwa hupita bado. Mitungi sasa ni ya plastiki. Nilimwamkia siku moja, akaniitikia kwa furaha, "Habari ya asubuhi, mwalimu," na kwa namna alivyonitazama nilijua kwamba hanikumbuki, nami sikuwa na ujasiri wa kumkumbusha. Nikatembea nyuma yake. Katika hatua zile 412 alikwenda kama mtu aliye nyumbani kwake, mkono mmoja juu ya usukani. Alipofika mwisho wa njia alishuka, akageuza shingo, akatazama nyuma kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona akitazama barabara, kisha akaingia.